Mkamwana Anayesoma Nje ya Dirisha

Mwaka 2001, saa mbili asubuhi, kijiji kimoja cha Ikolo, wilayani Kyela. Zebedayo Mwakibete amesimama mbele ya vijana kumi na mmoja ndani ya ghala lililokuwa la chama cha ushirika, kabla wanunuzi binafsi hawajaanza kuifuata kakao mpaka shambani. Anafungua kitabu cha uchumi, cha Kiingereza, na anaanza kusoma mbio. Hamsubiri mtu.

Katikati ya ukurasa anasema bei ya mpunga ikipanda wakulima huacha kulima. Anageuza ukurasa, anasema Ziwa Nyasa liko kaskazini ya Mbeya. Vijana wanaandika tu, vichwa chini. Mmoja wao nyumbani kwao ni Itungi, amezaliwa ziwa likiwa mlangoni, naye anaandika.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mmeelewa nini sasa? Nimewadanganya mara mbili, na uongo wangu mmeuandika kwa wino."

Hiyo ndiyo kazi ya mzee huyu mwenye umri wa miaka hamsini na moja. Tangu mwaka 1994, kila inapofika Agosti, anawakusanya vijana wa Kyela waliochaguliwa kwenda vyuoni na kukaa nao wiki sita. Anawafundisha kuandika muhtasari wa mhadhara, kutafuta kitabu maktaba, kujaza fomu zisirudi. Kila mmoja humpa shilingi elfu tatu au debe la mpunga. Si kipato cha kujivunia, ila kinamsogeza.

Somo linalowatoa jasho ni moja tu: kumkatiza mtu mzima anapokosea. Nyumba nyingi za huku mtoto hufundishwa kumsikiliza mkubwa, macho chini, mdomo umefungwa.

"Ni malezi mazuri, mimi mwenyewe nimelelewa hivyo," anasema. "Lakini mhadhiri akikuona umenyamaza anajua umeelewa. Anaendelea na safari yake, wewe unabaki."

Yeye alibaki. Mwaka 1970 alichaguliwa kwenda chuo kimoja Dar es Salaam pamoja na Lameck, kijana wa kijijini kwao waliyekua pamoja. Wahadhiri waliuliza kama wameelewa, na Zebedayo akajibu ndiyo. Alijibu ndiyo mpaka siku ya mtihani. Mwisho wa mwaka aliondolewa. Lameck, ambaye tangu utoto alikuwa na mdomo, akaendelea.

Zebedayo aliona haya kurudi Ikolo. Akaomba kazi maktaba ya chuo hicho hicho, ya kurudisha vitabu kwenye rafu. Aliifanya miaka ishirini na miwili, hadi upunguzaji wa wafanyakazi ulipompitia mwaka 1993. Na Lameck? Lameck alikuwa mhadhiri palepale.

"Alikuwa anakuja na kikaratasi. Zebedayo, niletee kitabu hiki. Nampelekea," anasema, kisha anaongeza bila kushusha sauti, "na siku nyingine nakificha. Namwambia kimeazimwa. Roho ilikuwa inaniuma, ndugu mwandishi, nikudanganye ya nini?"

Mtu angedhani wivu huo aliuacha Dar es Salaam. Hakuuacha. Alikuja nao kwenye basi, na mwaka huu umepata mtu mpya wa kumng'ang'ania, tena wa nyumbani kwake.

Nje ya ghala, chini ya dirisha, ameketi mwanamke kwenye kigoda, kanga kichwani, daftari magotini. Ni Nancy, ana miaka ishirini na nne, mke wa Gwamaka, mtoto wa Zebedayo anayepeleka mchele Malawi na kurudi na vitenge. Nancy amechaguliwa mwaka huu. Chuo ni kile kile alichoondolewa baba mkwe wake.

Yuko nje kwa sababu ya heshima. Katika ukoo wao, mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe wala hasemi naye. Akisikia anakuja, anakwepa njia. Familia nyingine za kanisani kwao zimeshaacha, wao bado. Wazee wa ukoo wanaweza kuiondoa heshima hiyo wakiombwa, lakini mwombaji ni baba mkwe mwenyewe.

Basi tangu wiki ya kwanza Nancy alikuwa akisikiliza dirishani, na kila alipolinasa kosa aliliandika kwenye karatasi akampa Beatrice, mwanafunzi mwenzake, alisome ndani. Siku ya kwanza karatasi ilikuwa na makosa matatu.

"Mimi nilikuwa nimepanga mawili," anasema Zebedayo. "La tatu lilikuwa langu la kweli. Nimelifundisha miaka mitatu bila kujua."

Siku hiyo hakula. Mkewe, Naomi, alidhani ni malaria.

Nancy hakuridhika na karatasi. "Kwenye karatasi siogopi," anasema, akichungulia pembeni kwanza kuhakikisha baba mkwe hayuko karibu. "Lakini sijawahi kumwambia mwanamume mzee kwamba umekosea, usoni. Sauti inakwama. Na huko chuoni hakuna dirisha wala Beatrice."

Alimwomba Naomi amfikishie mzee ombi: heshima iondolewe, akae ndani na wenzake, ajifunze kupinga. Zebedayo alikataa. Akaombwa tena, akakataa tena.

"Mdomoni nilisema mila," anakiri. "Moyoni ilikuwa roho ya kwa nini. Kwa nini yeye? Mimi nimefuta vumbi kwenye vile vitabu miaka ishirini na miwili, leo yeye aende akavisome, halafu nimfungulie mlango kwa mkono wangu?"

Naomi hakumpaka mafuta. "Nilimwambia, Baba Gwamaka, hiyo si mila, ni kijicho. Na huyo unayemwonea kijicho ndiye anayekupikia." Baadaye akaenda kwa Nancy, akamtahadharisha kwamba zile karatasi zinamuumiza mzee.

Jumanne iliyopita karatasi haikuja. Zebedayo alidanganya mara nne, dirisha likawa kimya. Jumatano kimya. Alhamisi pia.

"Nilifurahi," anasema. "Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa. Nikasema kumbe naye ana mwisho wake."

Alhamisi hiyo hiyo, baada ya darasa, Beatrice alimletea daftari la Nancy. Makosa yote ya siku tatu yalikuwemo, yamepigiwa mstari, jibu sahihi pembeni. Hakuna lililompita. Alimuuliza Beatrice kwa nini basi hakuyatuma. Beatrice akamjibu kwa adabu kwamba Nancy amesema hataki kumuumiza baba.

Zebedayo anasema alikaa na daftari hilo kwenye benchi la wanafunzi. Mkamwana wake alikuwa anaujua ukweli na ananyamaza kwa heshima, kama yeye mwaka 1970. Tofauti ni kwamba yeye alijifunza kunyamaza kwa wazazi wake. Nancy alikuwa anajifunza kwa mwalimu.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake mkubwa, Yakobo, mzee wa ukoo, akaomba heshima iondolewe. Wazee wanakutana kesho, Jumamosi. Naomi ameshatenga jogoo. Nancy alipopewa habari alisema "ndaga fijo", asante sana, akarudi kupembua mchele.

Zimebaki wiki mbili kabla ya Nancy kuondoka. Zebedayo ameshapanga zitakavyokwenda. Jumatatu Nancy ataketi benchi la mbele. Mzee atamsomea yeye peke yake, atakosea makusudi, kisha atamtazama machoni na kumuuliza kama ameelewa. Jumanne hivyo hivyo, na Jumatano, mpaka siku ya basi.

Wivu umeisha? Anacheka. "Uishe uende wapi? Ninao. Jana nimemwona anakunja sketi ya safari, nikapita upande wa pili."

Na Nancy akimkatiza mbele ya vijana wote?

"Itaniuma. Acha iniume."

Na asipomkatiza, akajibu ndiyo?

Mzee anakifunga kitabu chake.

"Basi safari hii chuo hakitakuwa na kosa," anasema. "Nitakuwa nimemfukuza mimi."