Viatu vya Tango vya Katunge

Katunge si mtu wa kuaibika ovyo, lakini Krismasi iliyopita alianguka. Alikuwa akicheza tango na mumewe, Nzioka, uani kwao Kyuso. Kisigino kirefu kikazama mchangani, naye akaketi chini mbele ya kina mama wote wa kanisa. Sasa binti yao Yvonne alikuwa anaolewa Jumamosi, uani papo hapo, na wakwe kutoka Kasikeu walikuwa wameahidiwa ngoma hiyo ambayo wazee hawa wawili walijifunza kwenye simu. Katunge aliapa kwamba wakwe hawatamwona chini.

Akaenda Mwingi kwa Munyao, fundi wa akala, viatu vya tairi.

"Nitengenezee viatu vya tango."

"Hiyo ni rahisi, Mama Yvonne. Kuja Alhamisi."

Alhamisi akapewa akala za tairi la trekta, meno nje. Alijaribu kuzunguka, mwili ukageuka, mguu ukabaki.

"Munyao, nitazunguka aje na hii?"

"Kwani matango unapanda ukizunguka? Hiyo haiwezi teleza kwa matope hata kidogo!"

Katunge alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamwonyesha, pale kando ya barabara ya Garissa, malori yakimpigia honi: hatua, hatua, halafu kuzunguka kwa ncha ya mguu. Munyao alitazama miguu tu. Akatoa tairi kipara ambalo wateja wote walikuwa wamelikataa, akakata soli laini na kuongeza kamba ya kisigino.

"Wakwe watasema tumetoka kuchunga," Nzioka alilalamika alipoziona. Yeye alikuwa na viatu vya ngozi, vinang'aa.

Jumamosi Katunge alizunguka juu ya kokoto bila wasiwasi. Mzunguko wa tatu, viatu vya ngozi vya Nzioka vikateleza. Katunge akakaza akala zake chini, akamdaka kiunoni na kumzungusha kana kwamba ndivyo walivyopanga. Kina mama wakapiga vigelegele.

"Usiniachilie," Nzioka akanong'ona.

"Na wakwe watasema nini?"

Alimshikilia mkewe hivyo hivyo mpaka wimbo ukaisha, na Katunge alifurahi kuliko bibi harusi.

Jumatatu Nzioka alikuwa kwa Munyao, akitaka viatu vya tango. Fundi hakugusa kisu.

"Zunguka kwanza, nione."