Sauti ya Venkanna Kinywani Mwangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa ngumi sita na stelingi, nikaangukia mapipa ya maji. Ilikuwa studio moja ya Hyderabad, mji wa filamu za Kitelugu, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yangu alikuwa Mtelugu, fundi wa mashine za kuchambua pamba, lakini mimi nilizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na Kiswahili ndicho kilichonilea hadi baba aliporudi kwao pamoja nami.

Ngumi zile, niwaambie vijana, hazigusi. Kamera hukaa nyuma ya bega la mpigaji, na anayepigwa ndiye mwenye kazi: unarusha kichwa kabla ngumi haijafika. Nilirusha vizuri. Mwongozaji wa filamu, mtu mnene aliyeshinda na taulo shingoni, akaniita.

"Sura hii inatisha. Hebu sema kitu."

Nikasema maneno mawili matatu ya Kitelugu, kwa lafudhi ya Buyenzi. Watu wa taa wakaangua kicheko.

"Basi, nyamaza," akasema. "Sura tunaichukua. Sauti tutaitafuta kwingine."

Zama zile sauti hazikunaswa mbele ya kamera. Tulichezesha midomo tu, kisha baada ya wiki kadhaa mtu aliingia kwenye chumba kisichopitisha kelele, akatazama picha ukutani na kutia maneno yaendane na midomo ile. Aliyetia yangu aliitwa Venkanna. Alikuwa mfupi, mpole, karani wa zamani wa posta, na kifuani mwake mlitoka sauti kama jiwe linaloburutwa sakafuni. Mara ya kwanza nilipojiona sinemani nikiongea kwa sauti ile, nywele zilinisimama.

Tulifanya kazi hivyo miaka ishirini na saba. Nilikuwa adui: mwenye shamba katili, mwanasiasa mla rushwa, mkubwa wa wahuni. Venkanna alikuja kutazama ninavyovuta pumzi, ili ajue mahali pa kuvuta yake. Mbele za watu nilisema kidogo sana, na magazeti yakaandika kwamba mimi ni mtu wa siri. Nilikuwa naogopa tu.

Jina lake halikuwahi kuonekana kwenye skrini. Siku moja, koo likiwa limeanza kumuuma, alinijia nikipakwa rangi za uso.

"Anna," akasema, yaani kaka, "mwambie mtayarishaji aandike jina langu. Mara moja tu. Mke wangu alione."

"Nitamwambia," nikajibu.

Mtayarishaji, ndiye mwenye kugharimia filamu, alikuwa chumba cha pili. Nilikunywa naye chai siku ile ile, tukazungumza habari za mvua. Sikumwambia. Watu wakijua kwamba sauti si yangu, nitabaki na nini?

Saratani ya koo ilimuua Venkanna kabla filamu tuliyokuwa tukiipiga haijatoka. Msibani mkewe aliniuliza jambo moja tu.

"Alikuomba kitu. Ulikisema?"

"Nilikisema, shemeji. Walikataa."

Baada yake walijaribu watu wanne, watazamaji wakawazomea wote. Nikaomba niongee mwenyewe. Mwongozaji wangu, ambaye sasa alikuwa mzee, akanikubalia kwa huruma. Nilikwenda kuitazama filamu sinemani, na kwenye tukio ninapomuua ndugu wa stelingi, ukumbi mzima ulicheka. Nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Mwigizaji hapewi barua ya kustaafu. Simu inaacha kulia, basi. Leo naishi Evere, huku Ulaya, kwa binti yangu, aliyeolewa na Mrundi na anayetunza wazee wa watu. Anapoondoka asubuhi, nashinda dirishani nikihesabu mabasi.

Majira ya baridi yaliyopita nilikwenda kunyolewa kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles. Kinyozi, kijana wa Kikongo, alikuwa ameweka filamu yangu moja kwenye simu yake. Akasimamisha mashine.

"Papa, ule ni weye? Eh! Ile sauti, papa, inatetemesha muntu! Bon, sema kidogo tusikie."

"Si yangu," nikasema. "Ni ya mtu aliyeitwa Venkanna."

"Venka nani?"

Nikalitaja jina tena, taratibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema mbele ya watu. Kijana akaitikia kwa adabu, akaendelea kuninyoa.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu mjane wake.

"Shemeji," nikasema kwa Kitelugu changu kibovu, "sikumwambia mtayarishaji. Nilikudanganya."

"Nani anaongea?" akauliza. Nikadhani hakunitambua, nikamtajia jina langu.

"Hapana, wewe siye," akasema. "Sauti ya huyo naijua. Nimelala nayo chumba kimoja miaka thelathini."

Akakata simu.