Picha Inangoja Kitambaa

Fundi saa anayesimamia grupu la WhatsApp la mtaa hupitisha kidole gumba juu ya simu taratibu, kama anayepangusa kioo cha saa. Tangu vita viwake Kivu, picha ya maiti ikiwekwa huifuta papo hapo na kuandika: “Mutu huyu iko na mama yake.”

Jana dada yake aliyekuwa Kivu, aliyeuliziwa na grupu zima kwa siku tisa, alishuka uwanja wa ndege wa Bangboka salama. Fundi akampiga picha akicheka, chikwangue, ule mkate wa muhogo, mdomoni. Kidole kikaelekea kutuma, lakini akamuuliza dada huyo mkubwa kwanza: “Yaya, niweke?”

“Hivi? Ngoja kwanza!”

Basi akaandika, akicheka: “Yaya amefika. Picha mungojee, iko anafunga kitambaa kichwani.”