Boti Yetu Haivuji, kwa Bahati Mbaya

Leo boti yetu imefaulu mtihani, na kwa sababu hiyo huenda isiguse ziwa kamwe.

Familia nzima tumeisugua kwa msasa na kuziba nyufa za faibaglasi uani, hapa Gisozi.

Asubuhi tuliiacha mvua iijaze, tuone kama inavuja.

Halikutoka hata tone!

Nikatangaza: "Jumamosi tunakwenda Ziwa Muhazi."

Lakini mabomba ya mtaa mzima yalikuwa makavu. Jirani akachungulia langoni, jerikeni mkononi:

"Mama Keza, tangi hilo mmelinunua wapi?"

Mke wangu akanigeukia kwa upole unaotia shaka.

"Baba Keza, boti haitoki hapa mpaka maji yarudi."

Binti yetu, aliyekwisha kuvaa jaketi la kuelea, sasa anawachotea majirani.

Mwenye hoja ya kumshinda mama yake na aiandike hapa. Zangu zimekwisha.