Wekundu Chini ya Barafu

Tumpe alizaliwa Tukuyu, akaja Minneapolis kusoma kemia, na alipohitimu akabaki kufanya kazi kwenye maabara ya chuo. Alikuwa mtu wa kurudia kipimo mara tatu kabla ya kukiamini. Februari 2008 alipewa ziwa dogo lililoganda karibu na Lakeville, apime oksijeni ya maji yake kila Jumanne pamoja na Zadock, fundi Mkenya wa maabara.

Kifaa chao kilikuwa uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Ncha yake ilipakwa chembe ndogo mno, hata hadubini ya kawaida haizioni. Ukizimulika kwa mwanga wa buluu zinawaka nyekundu, na kadiri oksijeni inavyopungua majini, ndivyo wekundu unavyozidi.

Jumanne ya kwanza ncha ilififia, ishara ya maji mazima. Ya pili iling'aa. Ya tatu, ndani ya hema dogo walilosimamisha juu ya barafu, ilikolea kama kaa la moto.

"Hii kitu imeharibika," Zadock alisema. "Tuta-change tukirudi lab."

"Haijaharibika, kaka. Asubuhi nimeijaribu mara tatu."

Ndipo uzi ukacheza mkononi mwa Tumpe. Ziwa halikuwa na mkondo. Ukacheza tena, taratibu, kama unaosukumwa.

Tumpe alilala kifudifudi, akachungulia kwenye tundu walilotoboa barafuni kupitisha uzi. Kuuzunguka ule mwanga mdogo kulikuwa na macho. Samaki walibanana ubavu kwa ubavu, hawashtuki, midomo ikifunguka na kujifunga.

"Wanakosa pumzi," alinong'ona. "Wamefuata tundu letu."

Zadock alitazama mara moja, akarudi nyuma. "Wako wangapi?"

"Sioni mwisho wao."

Walitembea hadi ukingoni, kila mmoja akijua kilichokuwa chini ya nyayo zake. Tumpe aligonga mlango wa nyumba ya kwanza. Bibi mmoja, Margaret, aliwapigia simu wasimamizi wa ziwa, na kesho yake ikaletwa mashine ya kupuliza hewa majini.

Aprili barafu iliyeyuka. Upande wa mashine samaki walipona. Upande wa pili ufuko ulikuwa mweupe kwa matumbo ya samaki waliokufa, yaliyogeuka juu. Tumpe alikwenda peke yake, akavaa buti, akamsaidia Margaret kuwakusanya kwa reki mpaka jioni.

Msimu uliofuata aliomba apangiwe mto, akapewa. Alipoulizwa sababu, alisema mto angalau unakwenda. Yale macho hakuyataja tena, hata kwa Zadock.