Mwanafunzi Asiyetaka Kutajwa

Mkataba wangu wa kufundisha hesabu kwenye shule moja ya binafsi pale Same ulipokaribia kuisha, mkuu wa shule aliniita ofisini akaniagizia chai kwanza. Nikajua. Wanafunzi wamepungua, akasema, na walimu wawili wa hesabu ni wengi. Nilikuwa nimefundisha pale miaka tisa. Nilibeba vitabu vyangu kwenye kiroba nikatembea hadi nyumbani, upepo ukinijaza vumbi machoni. Nililishukuru lile vumbi. Majirani niliokutana nao hawakuuliza kwa nini macho yangu ni mekundu.

Mwenzangu mmoja niliyefundisha naye zamani ndiye aliyenipa wazo la kufundisha mtandaoni. Yeye alikuwa ameshaacha chaki, anauza vitenge.

"Kufundisha unajua," aliniambia. "Sasa jifunze kujiuza. Mzazi wa mjini hawezi kuonja hesabu zako. Anaangalia uso wako kwenye simu, basi."

Nikatundika shuka jeupe ukutani, nikaegemeza simu kwenye sufuria, nikaanza kujirekodi. "Habari zenu, mimi ni mwalimu mwenye uzoefu wa miaka tisa." Bati likagonga kwa upepo. Nikarudia. Mara hii nilisahau kutabasamu. Nikarudia tena, na nilipojitazama nikaona nimetabasamu kupita kiasi, kama mtu anayeomba radhi. Nilishinda siku nzima na video ya dakika moja, na jioni nilikuwa nimechoka kuliko siku niliyosahihisha madaftari ya vidato viwili.

Tangu hapo kila asubuhi nilikuwa na kazi ya kujitangaza. Niliweka picha kwenye stetasi, nikaandika kwenye makundi ya wasapu: la kwaya, la tuliosoma pamoja, la ukoo. Asubuhi moja nilituma tangazo langu, lenye maneno "Hesabu ni rahisi, furahia nami", kwenye kundi lililoundwa kwa ajili ya msiba wa shangazi yetu. Msimamizi wa kundi akaniandikia kwa upole, "Dada, huku bado tunaomboleza." Nililifuta, nikakaa na simu mapajani bila kujua niifanyie nini.

Jumapili moja nikapanda mlimani hadi kijijini Mhezi kumwona mama. Nilimkuta anapepeta maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Alinitazama kwa muda. "Mwinjilisti wetu amenionyesha video yako kwenye simu yake. Unacheka peke yako. Una nini?"

"Natafuta wanafunzi, mama."

"Na miaka yote hiyo, hao uliowafundisha hawasemi?" Akarudi kwenye ungo wake. "Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Hakusema kwa ubaya. Mama amelima tangawizi maisha yake yote, na wanunuzi humfuata shambani. Lakini niliteremka mlima na maneno yale, na kila nilipobonyeza kutuma tangazo niliyasikia.

Ujumbe wa kwanza wa maana ulikuja baada ya wiki nyingi. "Je, hili darasa ni la kweli au utapeli?" Nikajibu kuwa ni la kweli. Kimya cha siku mbili. Kisha simu ikaita, sauti ya mwanamume mtu mzima.

"Wewe ndiye mwalimu wa hesabu?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanafunzi ni mimi mwenyewe."

Alikuwa mfanyabiashara wa nafaka huko kijiji cha Kisiwani, mtu wa miaka hamsini na ushei. Alimaliza kidato cha nne ujanani, akafeli hesabu vibaya sana, na alitaka kuurudia mtihani huo akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya kazi.

"Kazi ninayo," alisema. "Mwalimu wetu wa wakati ule alikuwa akiniambia mbele ya darasa kwamba mimi ni mjinga. Nataka nijue kama ni kweli, au ni kwamba sikufundishwa. Ila nina sharti moja. Asijue mtu. Hata mke wangu hajui."

Tulisoma saa nane mchana, akishatoka msikitini na dukani wateja wakiwa wachache. Alijifungia ghalani kati ya magunia ya mahindi. Video ilikuwa inakwama, kwa hiyo tulizungumza kwa simu ya kawaida, naye akanitumia picha za kurasa za daftari lake. Wakati mwingine mbuzi walilia nyuma yake mpaka akanyamaza kuwasubiri. Aliandika kwa mwandiko mkubwa, ulionyooka, na hakuwahi kufuta kosa. Alilikata kwa mstari mmoja ili alione. Milinganyo ilimtesa. Nikamwambia afikirie mizani ya dukani kwake: akipunguza upande huu, apunguze na ule. Nikasikia kalamu yake ikikwaruza karatasi.

"Kumbe ndiyo hiyo," akasema taratibu. "Mwalimu, kumbe ni hiyo tu."

Lakini alikuwa mmoja, na mtu haishi kwa mwanafunzi mmoja. Mwenzangu wa vitenge akanishauri niweke ushuhuda, maneno ya mtu niliyemsaidia. Nikamwomba mzee wangu wa ghalani aandike mistari miwili tu, bila jina.

"Kisiwani ni padogo," alijibu. "Niombe kitu kingine chochote."

Nilichoka. Sijitetei, nasema tu ilivyokuwa. Asubuhi iliyofuata nilikaa kitandani nikamtunga mama mmoja wa Dar es Salaam ambaye mwanawe alikuwa wa mwisho darasani, na baada ya kufundishwa nami akawa wa tatu. Nikaandika kwa sauti yake, nikaweka na alama za furaha, nikabandika kwenye stetasi. Kabla ya saa sita wazazi wawili walikuwa wamenipigia.

Saa nane mzee alipiga kama kawaida, ila hakufungua daftari.

"Nimeona yule mama wa Dar. Hongera."

"Asante, baba."

"Ulisema mimi ndiye mwanafunzi wako wa kwanza."

Nilisikia magunia yakisuguana. Nadhani alikuwa anakaa vizuri. Ningeweza kusema huyo mama alikuja baadaye. Badala yake nikasema, "Hayupo. Nimemtunga."

"Sikugombezi," alisema. "Mimi mwenyewe ninajificha ghalani. Lakini jana ulinipa tisa kati ya kumi. Sasa nalitazama daftari najiuliza, hiyo tisa ni ya kweli?"

Hakuna neno nililowahi kuambiwa na mkaguzi wala mkuu wa shule lililoniuma hivyo. Nikamwambia ni ya kweli, na kwamba sina namna ya kumthibitishia. Niliufuta ule ushuhuda nikiwa bado naye kwenye simu. Baadaye niliwapigia wale wazazi wawili nikawaeleza. Mmoja alikata simu kabla sijamaliza. Wa pili akacheka, akasema afadhali mimi nimekiri, akamleta binti yake.

Siku tatu mzee hakupiga. Ya nne akapiga. "Tulikuwa tumefika kwenye pembetatu," alisema, na tukaendelea.

Alifanya mtihani wake mjini Same, kwenye chumba kimoja na vijana wa umri wa wanawe. Sikwenda kumwona, hatujaonana mpaka leo. Matokeo yalipotoka alipata D, alama ya chini kabisa ya kufaulu. Nilikuwa nafua aliponipigia, mikono ina povu.

"D," alisema. "Mwalimu, si sifuri. Ni D."

Nilimwambia hongera, nikamwambia pia kwamba swali la takwimu angeliweza kama asingeharakisha. Akacheka huku analia. Alisema ataanza kwa kumwambia mkewe, halafu ataona.

Sasa nina wanafunzi wanne. Tangazo naliweka bado, mara moja kwa wiki, video ni ileile ya shuka jeupe, na bado sipendi kuitazama. Mama hajabadili mawazo. Siku ile ya matokeo nilimaliza kufua, nikaanika, nikaizima simu nikalala mchana kweupe hadi jua likageuka upande wa pili wa nyumba.