Kona ya Chini ya Ubao

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa, wala sioni haya kulisema. Wenzangu chuoni waliogopa nyoka na wakaguzi. Mimi niliogopa hata kuitwa jina langu kwa sauti. Basi Serikali ilipotafuta mwalimu wa kumpeleka kijiji cha ujamaa ndani ya pori la Usoke, ikaniona mimi, binti wa mjini Tabora, mjukuu wa Mwarabu mwenye duka la vitambaa, katika miaka ambayo neno "duka" lenyewe lilisemwa kwa kunong'ona. Mama alinifungia tende na juzuu, akaniusia nisijifanye najua kuliko watu wa huko.

Nilipewa darasa la nne. Lilifurika hadi watoto wa nyuma wakaketi juu ya matofali. Karibu na dirisha alikaa binti mmoja mwenye mwanya, ambaye alimaliza hesabu kabla vumbi la chaki halijatua. Akishamaliza alianza vituko. Alimpenyezea jirani yake jibu, naye akampenyezea mwingine, mwishowe darasa zima likawa na majibu yaleyale na aliyekokotoa ni yeye peke yake. Nilipomkataza, akaacha vituko, akaanza kusinzia. Hapo ndipo nilipoogopa. Msichana aliyesinzia darasani kule alikuwa na mahali pa kwenda: kwenye tumbaku kwanza, kisha kwa mume.

Nyuma ya shule, kando ya barabara, palikuwa na bani lililoachwa, ile nyumba ya udongo ya kukaushia tumbaku. Nikapaka ukuta wake mkaa uliopondwa pamoja na majani ya kunde, ukawa ubao. Asubuhi moja nikasimama mlangoni mwa darasa, nikaita majina ya wanafunzi wangu watatu wepesi wa kuelewa, la binti mwenye mwanya likiwa la kwanza, nikawatoa nje na kuwapanga mstari mbele ya ukuta ule ili niwape kazi ya kuwatosha. Nilijiona mwalimu hodari. Mara lori la tumbaku likatokea, likasimama palepale, dereva akashuka kutafuta maji ya rejeta.

Wanawake walikuwa wakitoka kisimani. Wa kwanza alisimama, akatutazama sisi, akalitazama lori. Kisha akaitupa ndoo na kukimbilia kijijini akipiga yowe kwa Kinyamwezi. Sikuelewa neno hata moja. Dereva hajafunga hata boneti, uwanja ukajaa akina mama, kila mmoja akamshika wake mkono. Hawakunitukana. Hawakunitazama kabisa. Punde shule nzima ikawa tupu, nami nimebaki na chaki mkononi.

Mwalimu mkuu, mzee wa Kimoraviani aliyezaliwa huko huko, alinikalisha akanieleza. Miaka michache nyuma, watu walipohamishiwa vijijini, mambo yalianza vivyo hivyo: mgeni kutoka mjini, majina, watu kusimamishwa kando, halafu lori. Kisha akaniambia taratibu kwamba katibu kata akisikia shule imekimbiwa atauliza nani amewatia wananchi hofu, na jibu litakuwa mjukuu wa mwenye duka. Nilidhani amemaliza. Akaongeza kwamba yule binti mwenye mwanya anapelekwa Ziba kwa shangazi yake keshokutwa, akachunge ng'ombe, na wanaopelekwa huko huwa hawarudi darasani.

Nilikwenda kwao siku ileile. Njia nzima nilisoma kila dua niliyoijua, nyingine nikazichanganya. Mama yake alikuwa amekaa mbele ya bani lao, akifunga majani ya tumbaku kwenye fito. Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba, kwa kuwa adabu ni adabu, lakini hakunipa kigoda.

"Ulimwita mwanangu kwa jina?" akaniuliza.

"Nilimwita, mama."

"Ukamsimamisha kando?"

"Nilimsimamisha."

"Na gari lilikuwepo."

Akaendelea kufunga tumbaku, akanisimulia bila kuinua macho. Siku ya malori aliacha chungu kikichemka jikoni, akaambiwa atakifuata baadaye. Mama yake mzazi alipandishwa gari jingine. Hawakumpata hadi mavuno yaliyofuata, na alipopatikana, yule bibi hakukubali tena kulala ndani ya nyumba. Hadi leo, akasema, analala uani kwa shangazi wa Ziba. Nilitamani kuondoka. Badala yake nikamweleza kwamba mtoto wake ni mwepesi kupita wenzake wote, kwamba somo la wenzake linamlaza usingizi, na kwamba akienda Ziba akili ile itaishia kwenye mikia ya ng'ombe.

"Nakijua nilichokizaa," akasema. "Mfundishe upesi kadiri unavyotaka. Lakini awe katikati ya wenzake. Nikipita dirishani nisimkute kando."

Nikakubali kabla sijajua nitafanyaje.

Nililala na swali hilo, nikaamka nalo. Mwisho nilifanya hivi. Sehemu ya juu ya ubao wa darasani niliandika hesabu za wote. Chini kabisa, kwenye kona iliyo karibu na sakafu, niliandika swali moja gumu, bila kumtaja mtu. Nilisema tu kwamba anayemaliza atazame chini. Kona ile niliichagua kwa uoga wangu mwenyewe: mtoto aliyeitazama alionekana ameinamia daftari lake kama wengine, na mtu wa dirishani asingemjua. La kwanza lilihusu shamba la shule, kwamba mvua ikibomoa matuta kadhaa ya mihogo, mengine yapandwe vipi ili mavuno yasipungue. Binti mwenye mwanya, ambaye alirudi na wenzake siku ya tatu, aliinamisha shingo na hakuinuka hadi kengele ya mapumziko. Hakusinzia tena.

Mama yake alipita dirishani kweli. Alipita wiki nyingi, jembe begani, na kila kivuli chake kilipopita ukutani nilipoteza mstari niliokuwa nikiusoma. Watoto wengine nao wakaanza kuinama. Wengine walikuwa na uwezo, wengine walitaka tu kuona wenzao wanatazama nini.

Katibu kata alikuja hata hivyo. Aliketi nyuma, kofia gotini, akasikiliza somo zima. Kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea sakafuni.

"Ndugu mwalimu, hilo swali la chini ni la nani?"

Nililijua neno linalofuata, matabaka, na nilijua babu yangu angefuata nyuma ya neno hilo. Kabla sijafungua mdomo akasimama msichana mmoja wa kwenye matofali, ambaye kujumlisha tu kulimtoa jasho.

"Letu, ndugu," akasema, akaketi.

Katibu akamtazama, akanitazama mimi, akavaa kofia yake. Alipoondoka ilibidi niegemee ubao, na gauni langu likafuta nusu ya hesabu.

Nilipanda nao darasa baada ya darasa hadi la saba. Matokeo ya mtihani yalipokuja, jina moja tu lilirudi, na shule yenyewe ilikuwa ya bweni, Tabora mjini. Nilikaa nalo siku nzima. Nilikuwa naenda kumwambia mama yule kwamba jina la mwanawe limeitwa, kwamba atatoka katikati ya wenzake peke yake, na gari litamchukua. Kila alichokiogopa nilikuwa nampelekea mimi, kwa miguu yangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliuliza kitu kimoja tu, treni inapita saa ngapi.

Siku ya safari nilimkuta binti stesheni ya Usoke na sanduku lake la bati, mama yake hayupo. Nikajua amegoma. Binti akaninyooshea kidole behewa la daraja la tatu. Mama alikuwa ameshaketi ndani, chungu mapajani.

"Safari hii nimetangulia," akaniambia.

Sikupata usingizi hadi aliporudi. Aliposhuka treni hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja shuleni, vumbi miguuni, akasimama dirishani, mahali pake pa siku zote.

"Nimepaona wanapolala," akasema. "Mlango una komeo. Komeo liko ndani."

Kesho yake alimleta mdogo wa yule binti aandikishwe. Nilipoanza kumtafutia mtoto nafasi, mama akanitangulia, akawasogeza wenzake huku na huku, akamkalisha katikati yao, akaenda zake shambani.